Mwongozo kamili wa diwani: jinsi ya kuifuatilia halmashauri yako robo hadi robo

Kabrasha la baraza la robo mwaka huwa nene. Lina mihtasari, taarifa za kamati, majedwali ya mapato na orodha ya miradi, na siku hizi linatumwa kwenye kishikwambi, hata unene wake huuoni tena. Humo ndimo halmashauri inapojieleza imefanya nini na imeshindwa wapi. Halmashauri 184 za Tanzania Bara hazina upungufu wa vikao vya kujipima. Anayekosekana mara nyingi ni mtu anayekumbuka robo hii kilichosemwa robo iliyopita, tena akakitaja kikaoni kwa ukurasa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu huyo. Nimemlenga diwani, hasa mgeni, lakini mwananchi anayehudhuria baraza naye ataona pa kushika, kwa kuwa vikao vya baraza ni vya wazi.

Kwanza ujue umesimama wapi

Serikali za mitaa zilifutwa mwaka 1972, zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982. Sheria tatu za mwaka huo ndizo za kuwa nazo karibu: Sura ya 287 kwa mamlaka za wilaya, Sura ya 288 kwa mamlaka za miji, na Sura ya 290 ya fedha za serikali za mitaa. Katiba yenyewe inazitaja serikali za mitaa katika ibara ya 145 na 146. Pamoja na hizo, omba nakala ya Kanuni za Kudumu za halmashauri yako. Ukizisoma hizo kanuni peke yake utakuwa mbele ya wenzako wengi, maana humo mna utaratibu wa maswali, wa hoja, wa kuita kikao maalumu na wa siku ambazo makabrasha yanapaswa kukufikia kabla ya mkutano.

Mkurugenzi ni mteule wa Rais. Ndiye katibu wa baraza, ndiye afisa masuuli, yaani mwenye kujibu kwa fedha zote za halmashauri, na wakuu wa idara na vitengo wako chini yake. Baraza halimwajiri na halimfukuzi. Diwani naye hana mamlaka ya kumwamuru mhandisi amwage zege wala mhasibu alipe. Nguvu yako inapita kwenye kikao, ikiwa imeandikwa kama azimio. Wapo madiwani wanaomaliza miaka mitano wakiwa wakali sana kwa mdomo, na katika mihtasari yote huwezi kukuta azimio hata moja walilolianzisha.

Weka kalenda ukutani

Mwaka wa fedha huanza 1 Julai na kuisha 30 Juni, hivyo robo zinaishia Septemba, Desemba, Machi na Juni. Baada ya kila robo mambo hupanda ngazi kwa mpangilio: kata, kamati za kudumu, kisha baraza. Katika halmashauri ya wilaya, Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango hukutana kila mwezi. Kamati ya Elimu, Afya na Maji, na ile ya Uchumi, Ujenzi na Mazingira, hukaa kila robo, na ipo pia Kamati ya Kudhibiti UKIMWI. Halmashauri za miji zina mgawanyo wao unaofanana na huo.

Kikao cha kamati ndicho cha kukipa muda. Kule watu ni wachache, mkuu wa idara yuko mbele yako, na unaweza kuuliza swali la nne na la tano juu ya jambo lile lile. Barazani muda ni mfupi, wageni ni wengi, na mara nyingine mambo yameshamalizwa kwenye kikao cha chama jioni iliyotangulia. Ukingoja baraza ndipo uibue jambo zito, utapigiwa makofi, lakini jibu utakaloondoka nalo litakuwa "tumelipokea, tutalifanyia kazi".

Hatua ya kwanza: kusoma mapato bila kudanganywa na asilimia

Anza na jedwali la mapato ya ndani. Tuseme linasema hivi mwishoni mwa robo ya pili: bajeti ya mwaka ni shilingi bilioni 2.4, makusanyo hadi Desemba ni shilingi bilioni 1.104, sawa na asilimia 46. Kwa nusu mwaka, asilimia 46 haitishi. Wajumbe wanafungua ukurasa unaofuata.

Usifungue bado. Uliza kati ya hizo ni kiasi gani ni mapato lindwa, yaani fedha zenye kazi yake maalumu ambazo halmashauri haiwezi kuzipangia matumizi mengine, kama michango ya matibabu inayobaki kwenye vituo vya afya. Tuseme mapato lindwa yalikadiriwa milioni 600 na yamekusanywa milioni 380. Ukiyatoa, mapato yasiyolindwa yalikadiriwa bilioni 1.8 na yamekusanywa milioni 724, sawa na asilimia 40. Fedha za kujenga madarasa, za mikopo ya vikundi na za kuendesha ofisi zinatoka humo kwenye 40, na ile 46 iliyosomwa kikaoni ilibebwa na wagonjwa.

Kisha linganisha na robo kama hiyo ya mwaka jana. Halmashauri inayotegemea ushuru wa mazao haiwezi kukusanya sawasawa mwaka mzima. Ina msimu wake, na robo moja ikiwa juu au chini si ushahidi wa lolote. Robo ya pili ipimwe kwa robo ya pili. Ukishafanya hivyo shuka kwenye chanzo kimoja kimoja: ushuru wa huduma, leseni za biashara, vibali vya ujenzi, machinjio, stendi, minada. Chanzo kilichokusanya asilimia 140 nacho kiulizwe, maana huenda kilikadiriwa chini kwa makusudi ili baadaye kionekane kimefanya vizuri.

Halafu kuna mashine za POS, zile za mkononi za kukusanyia ushuru na kutolea risiti. Omba orodha yenye mambo manne: mashine zipo ngapi, ziko mikononi mwa nani, zipi hazijasoma kwenye mfumo na kwa siku ngapi, na mkusanyaji gani amekusanya fedha ambazo hazijafika benki. Usikubali jumla peke yake. Fedha iliyokusanywa na kutumika kabla ya kupelekwa benki, ambayo watumishi wenyewe huiita fedha mbichi, haionekani kwenye jumla. Inaonekana kwenye tofauti kati ya kilichosomwa na mashine na kilichoingia benki kwa jina la mkusanyaji. Halmashauri ikikwambia orodha hiyo haiwezi kutolewa, liandike hilo, kwa sababu mifumo ya makusanyo imetengenezwa hasa ili orodha ya namna hiyo itoke.

Hatua ya pili: matumizi

Hapa nitapita haraka, kwa kuwa ukishazoea jedwali la mapato hili litakusumbua kidogo tu. Tenganisha mishahara, matumizi mengineyo na fedha za maendeleo. Angalia kiasi kilichopangwa kwenda kwenye maendeleo kutoka mapato ya ndani, kisha kiasi kilichokwenda kweli. Angalia fedha zilizohamishwa kutoka kifungu kimoja kwenda kingine na uulize kikao gani kiliridhia. Angalia madeni ya wazabuni na ya watumishi: deni linaloongezeka kila robo bila mpango wa kulilipa litaishia kwenye bajeti ya mwaka ujao, na huenda wewe ndiye utakayeipitisha.

Jambo moja la kisheria lisiachwe. Tangu mwaka 2018 Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa inataka asilimia 10 ya mapato ya ndani iende kwenye mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Utoaji ulisitishwa mwaka 2023, ukarejea kwa utaratibu mpya. Maswali ni mawili tu, ila yarudie kila robo. Fedha zilizostahili kutengwa zimetengwa zote? Na katika zilizokopeshwa, ni vikundi vingapi vinarejesha? Orodha ya vikundi vya kata yako ichukue, uende navyo kwa jina. Kikundi hewa hakijifichi mbele ya mwenyekiti wa kitongoji.

Hatua ya tatu: mradi, kutoka karatasini hadi stoo

Taarifa za miradi zina lugha yake. "Utekelezaji unaendelea" maana yake yaweza kuwa fundi yuko juu ya paa sasa hivi, au aliondoka miezi sita iliyopita. Kwa hiyo usisome safu ya maelezo kabla hujasoma safu mbili za tarakimu: fedha iliyotumika na kazi iliyofanyika.

Chukua mfano wa zahanati. Ilipokea shilingi milioni 50 za kukamilisha boma, yaani jengo lililosimamishwa kuta tu. Taarifa inasema zimetumika milioni 46, yaani asilimia 92, na jengo "limepauliwa, liko hatua ya umaliziaji". Sasa orodhesha kisichofanyika: dari, sakafu, milango na madirisha, rangi, mfumo wa maji, umeme. Hayo yote yanangoja milioni 4. Huhitaji kuwa mhandisi kuona kwamba jengo halitaisha kwa fedha hiyo. Ama makadirio yalikuwa mabovu tangu mwanzo, ama bei zilipanda, ama kuna vifaa vililipiwa na havikufika. Kila moja kati ya hayo ina mtu wake wa kulijibu, na kila moja ina karatasi yake.

Karatasi zenyewe, kwa mradi unaojengwa kwa utaratibu wa kutumia mafundi wa jamii, ni hizi: mchanganuo wa vifaa na gharama uliosainiwa na mhandisi, mkataba wa fundi, muhtasari wa kamati ya manunuzi, hati za kupokelea mizigo zenye saini za kamati ya mapokezi, na leja ya stoo. Ukifika eneo la mradi anza na leja. Ikiandika mifuko 320 ya saruji imepokelewa na 290 imetolewa, mifuko 30 iwepo. Ihesabu. Halafu mtafute mjumbe wa kamati ya mapokezi, mwananchi wa kawaida aliyechaguliwa kijijini, umwonyeshe saini yake kwenye hati ya kupokelea umuulize kama alikuwepo siku ile gari lilipofika. Swali hilo moja huwa na majibu marefu kuliko taarifa nzima ya idara.

Ziara za kamati zina udhaifu wake: miradi ya kutembelea huchaguliwa na wataalamu, na njia hupangwa ipite kwenye lami. Omba orodha ya miradi yote ya robo, kamati ichague yenyewe mitatu au minne, na angalau mmoja uwe ule ambao taarifa yake haikubadilika tangu robo iliyopita. Mradi usiobadilika maneno ndio wa kuufuata.

Na adabu ya ziara nayo ina faida yake. Mganga mfawidhi au mwalimu mkuu aliyegombezwa mbele ya wananchi hatakwambia kwamba vifaa vililetwa na mzabuni aliyeelekezwa na mtu wa wilayani. Mtumishi yule yule ukimkalisha pembeni, ukamwita kwa cheo chake na kumuuliza taratibu, atakuonyesha faili. Wananchi nao wanaona diwani anayefoka, wanashangilia, na jengo linabaki bila milango.

Kama una maslahi kwenye mradi, kampuni ya ndugu yako ndiyo mzabuni au gari lako ndilo linalobeba kokoto, yatangaze na utoke kwenye mjadala. Sheria inakutaka hivyo, na usipofanya utakuwa umempa kila mkuu wa idara jibu la kukunyamazisha.

Hatua ya nne: wakaguzi

Sura ya 290 inataka kila halmashauri iwe na mkaguzi wa ndani, naye hutoa taarifa kila robo. Taarifa yake ndiyo yenye thamani kubwa zaidi kwa diwani, na ndiyo inayosomwa kidogo zaidi, kwa sababu inazungumzia fedha ambazo bado zinatumika. Iombe kwenye Kamati ya Fedha kama ajenda, isiwe kiambatisho. Kumbuka tu kwamba mkaguzi wa ndani anamkagua mtu anayempa gari na mafuta. Ukiona taarifa laini kuliko hali unayoiona kijijini, uliza bajeti ya kitengo chake ilikuwa kiasi gani na amepewa kiasi gani. Kitengo cha ukaguzi kisichotoka ofisini kwa kukosa mafuta ni hoja ya baraza kabisa.

Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG kama tulivyozoea kumwita, anapata mamlaka yake kwenye ibara ya 143 ya Katiba na Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya mwaka 2008. Halmashauri hufunga hesabu 30 Juni na kuziwasilisha kabla ya Septemba kwisha. Ripoti hufika kwa Rais kabla ya Machi kwisha, kisha Bungeni mwezi Aprili. Kwa hesabu hiyo, jambo unalolisoma Aprili huenda lilitokea zaidi ya mwaka mmoja uliopita. Ndiyo maana ukimtegemea CAG peke yake utakuwa unafukuzana na fedha iliyokwisha kutumika.

Hati ya ukaguzi, yaani maoni ya CAG juu ya hesabu za halmashauri, ina aina nne: inayoridhisha, yenye shaka, isiyoridhisha, na ile ambayo mkaguzi ameshindwa kutoa maoni. Halmashauri ikipata hati inayoridhisha kunakuwa na shangwe, mara nyingine hata keki. Sipingi keki. Ila hati hiyo inazungumzia namna hesabu zilivyoandaliwa: kwamba zinaonyesha hali ya kifedha kwa usahihi kulingana na viwango. Haisemi kwamba zahanati ilijengwa kwa ubora, wala kwamba saruji ilinunuliwa kwa bei ya haki. Halmashauri inaweza kuwa na hati inayoridhisha na hoja arobaini chini yake, yaani dosari ambazo mkaguzi anataka zijibiwe.

Hizo hoja ndizo kazi yako. Kila mwaka huitishwa baraza maalumu la kuzijadili, kwa kawaida karibu na mwisho wa mwaka wa fedha, na viongozi wa mkoa huhudhuria. Kabla hujaingia, panga hoja katika mafungu: zilizofungwa, zinazoendelea kutekelezwa, ambazo hazijatekelezwa, na zinazojirudia. Zinazojirudia ziweke juu. Hoja ya mkusanyaji asiyepeleka fedha benki ikitokea miaka mitatu mfululizo kwa majina tofauti, tatizo halipo kwa wakusanyaji. Na hoja inayosemekana imefungwa, omba kuona barua au kielelezo alichokubali mkaguzi. Neno "imefungwa" lililoandikwa na menejimenti yenyewe ni maoni ya menejimenti.

Hatua ya tano: swali na azimio

Swali zuri barazani lina namba ndani yake. "Kwa nini miradi inachelewa?" litajibiwa kwa maelezo ya mvua. "Ukurasa wa 34 unasema zahanati imetumia milioni 46, robo iliyopita ukurasa wa 29 ulisema milioni 46, na hatua ya jengo ni ile ile, fundi analipwa na nani kuanzia Januari?" halina mvua ndani yake. Peleka maswali kwa maandishi kwa muda unaotakiwa na Kanuni, kisha weka akiba ya swali la nyongeza.

Azimio ndilo linalobaki baada ya watu kutawanyika, kwa hiyo lipiganie hadi neno la mwisho. Linganisha haya mawili.

"Baraza limeagiza suala la zahanati lishughulikiwe haraka."

"Baraza limeazimia kwamba Mkurugenzi awasilishe kwenye Kamati ya Fedha ya mwezi Februari mchanganuo wa matumizi ya shilingi milioni 46, ukiambatana na leja ya stoo na hati za mapokezi, pamoja na mpango wa kumalizia jengo wenye chanzo cha fedha."

La kwanza haliwezi kushindwa, kwa hiyo haliwezi kutekelezwa. La pili lina mtu, tarehe, kikao na kielelezo. Likisomwa wakati wa kuthibitisha muhtasari likiwa limepunguzwa makali, simama hapo hapo uombe lirekebishwe. Muhtasari ukishathibitishwa, huo ndio ukweli wa baraza hata kama ukumbi mzima ulisikia vingine.

Fungua daftari. Mstari mmoja kwa azimio moja: namba yake, tarehe, anayewajibika, lini linatakiwa, jibu lilikuja lini na lilisema nini. Ajenda ya "yatokanayo na mkutano uliopita" ikifika, uwe na daftari hilo mbele yako. Ajenda hiyo hupitishwa mbio kwa sababu kila mtu anataka kufika kwenye mambo mapya, na humo ndimo maazimio yanapofia. Jibu likiwa "linaendelea kutekelezwa" kwa robo ya pili mfululizo, omba liwekewe tarehe ya mwisho na liingizwe kwenye ajenda ya kamati kwa jina.

Hatua ya sita: rudisha taarifa chini

Wewe ni mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na mtendaji wa kata ni katibu wako. Fedha iliyopelekwa kwenye shule, kituo cha afya au kijiji chochote ndani ya kata itajwe kwenye kikao hicho kwa kiasi na tarehe. Mikutano mikuu ya vijiji inapaswa kufanyika kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe. Dai karatasi ya mapato na matumizi ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, iwe na muhuri na saini. Mwananchi anayejua kwamba shule ilipokea milioni 25 tarehe fulani ataliona lori la mchanga na atahesabu tripu, na hutahitaji kumtuma. Akinyimwa taarifa hiyo, mwambie ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, na kwamba anaweza kuiomba kwa barua.

Pale halmashauri isipojibu

Robo mbili zimepita, azimio lipo, jibu hakuna. Anza na Mwenyekiti wa halmashauri, kwa maandishi, ukiomba suala liwekwe kwenye ajenda. Kinachofuata ni ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa, ambako kuna wataalamu wa kuzisimamia halmashauri, kisha Ofisi ya Rais, TAMISEMI. Ikiwa kuna harufu ya wizi, TAKUKURU wana ofisi wilayani na hufuatilia miradi ya maendeleo. Huna haja ya kungoja kikao kuwapelekea taarifa. Kwa hoja za CAG zilizokaa miaka bila majibu, Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa, LAAC, huwaita wakurugenzi kujieleza, na mbunge wako, ambaye naye ni mjumbe wa baraza lenu, anaweza kufikisha jambo huko.

Popote utakapopeleka barua, iwe ya ukurasa mmoja. Iambatanishe na kurasa mbili za taarifa zinazopingana, nakala ya muhtasari uliothibitishwa wenye namba ya azimio, na picha ya jengo yenye tarehe. Nakala mpe Mkurugenzi, naye asaini kwenye daftari la kupokelea barua.